Nyumba Yetu: Hata Ukuta Una Pindo Lake

Juma hili nataka tuzungumze juu ya vigae, ambavyo wengi siku hizi huviita marumaru. Na hasa vile vyembamba vyenye maua au rangi kali, vinavyozungushwa ukutani au sakafuni kwa urembo. Madukani utasikia vikiitwa boda. Mimi nitaviita vigae vya pindo, na sababu yake utaiona sasa hivi.

Chukua kanga yako moja uitandaze kitandani. Katikati utaona mji wa kanga. Chini kidogo kuna jina, yaani yale maneno tunayoyapenda. Na pande zote nne limezunguka pindo. Sasa fikiri kanga ile bila pindo. Itabaki kitambaa tu, na macho hayatajua wapi pa kuanzia wala wapi pa kukoma. Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya pindo: kupamba kwa kuonyesha mwisho wa kitu.

Lakini pindo lina kazi ya pili. Mshonaji akiisha kukata gauni, hulikunja pindo chini na kulishona. Asipofanya hivyo nyuzi zitafumuka, na baada ya kufua mara tatu gauni litakuwa tambara. Hapo pindo linalinda. Neno moja, kazi mbili: kupamba na kulinda. Nakuomba uyashike maneno haya mawili, maana pindo la vigae likipamba tu na lisilinde kitu, umelipa fedha nzima ukapata nusu ya kazi. Mimi nalisema hili kwa sababu nililijifunza kwa uchungu.

NILIVYOKOSEA MIMI

Miaka kadhaa iliyopita mimi na mume wangu tulidunduliza fedha kidogo kidogo, mpaka zikatosha kutengeneza bafu letu. Nilikwenda dukani peke yangu, kwa kuwa nilijiona mjuzi. Huko nikaona vigae vya pindo vyenye mawaridi mekundu na majani ya rangi ya dhahabu. Msomaji, moyo ulinienda mbio! Nikanunua maboksi matatu ya mawaridi kabla sijanunua hata kigae kimoja cha sakafu. Fedha iliyobaki ilinitosha kwa vigae vyeupe tu vya bei ya chini, laini na vyenye kung'aa, nikavitumia ndani ya bafu na nje yake ukumbini.

Kazi ilipofika mlangoni, fundi akasimama. Kati ya ukumbi na bafu letu kuna kidato kimoja cha kushukia, kimo chake sentimeta 10 hivi. Akaniuliza, "Mama, hapa kwenye kidato nikuwekee rangi nyingine, paonekane?" Nikamjibu, "Hapana, fundi. Endelea na nyeupe ile ile, yote ifanane." Alikuwa kijana mwenye adabu. Akaitikia, akainama, akaendelea na kazi yake.

Miezi miwili baadaye mama mkwe wangu alikuja kutoka kijijini ili aonwe na daktari wa macho, maana alikuwa na mtoto wa jicho. Usiku wa tatu aliamka kwenda bafuni. Taa ilikuwa ikiwaka, na mawaridi yangu yaking'aa ukutani. Sisi tukasikia kishindo. Tulimkuta ameketi sakafuni, ameshika kifundo cha mkono, nacho kimevunjika. Hakunilaumu. Alisema maneno haya tu: "Mwanangu, nilidhani sakafu bado inaendelea."

Maneno hayo sijayasahau. Tulikuwa tumeweka maua ukutani, mahali ambapo hakuna mtu apitaye kwa miguu. Na pale mguu unapokanyaga hatukuweka alama hata moja. Jicho lenye ukungu halioni vizuri vitu vyenye rangi moja. Nyeupe juu na nyeupe chini kwake ni uwanja mmoja tambarare. Lakini jicho hilo hilo, likiona mstari mweusi penye nyeupe, mara nyingi litautambua. Nilikuwa nimepewa shauri hilo bure na fundi wangu, nikalikataa ili vitu vifanane.

WALIOTUTANGULIA WALIJUA

Aibu ilizidi nilipomkumbuka bibi yangu mzaa mama. Yeye alikaa katika nyumba ya udongo. Kila mwaka baada ya masika alichukua udongo mweusi, akauchanganya na maji, akaupaka chini ya ukuta kuizunguka nyumba, kimo cha magoti. Sehemu ya juu aliipaka udongo mweupe. Sisi watoto tulidhani afanya hivyo ili nyumba ipendeze, na kweli ilipendeza. Lakini maji ya mvua yakianguka kutoka paani hurusha matope, na matope hayo hupiga pale pale chini. Ukanda mweusi ulificha madoa, na udongo mpya ulifunika mahali palipoliwa na mvua. Pambo na kinga vilikuwa kitu kimoja, na bibi hakuwa na haja ya kwenda dukani.

Usidhani ni bibi zetu tu waliojua hivyo. Katika nchi ya Uholanzi, karne ya 17, watu wengi wenye uwezo waliweka safu moja ya vigae chini kabisa ya ukuta, pale unapokutana na sakafu. Mchoraji Johannes Vermeer alichora mtumishi wa jikoni akimimina maziwa, karibu na mwaka 1658. Picha hiyo iko katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, mjini Amsterdam. Ukiitazama chini utaona ukuta mweupe wa chokaa, na mguuni pake vigae vidogo vyenye picha za buluu. Nchi yao ni ya unyevu, na sakafu zilisuguliwa kwa maji. Chokaa tupu ingebanduka upesi. Vigae vile vililinda ukuta, na kwa kuwa vilikuwa pale kwa kazi, vikachorwa maua, watoto na mashua ili vifurahishe macho pia.

Kadhalika katika kasri ya Alhambra, mjini Granada, Hispania, kuta nyingi za karne ya 14 zina vigae sehemu ya chini, mahali ambapo watu huegemea na kugusa, na juu yake nakshi za lipu. Kwetu pwani nako, kupamba jengo kwa vyombo vya kung'aa si jambo geni. Nenda Gedi, nchini Kenya, au kwenye makaburi ya zamani ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, utaona mahali ambapo wazee walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka China ndani ya chokaa. Hawakufunika ukuta mzima kwa kaure. Vipande vichache, mahali palipochaguliwa, viliwatosha.

MAHALI PA KUANZIA

Basi, msomaji, kabla hujauliza "ua gani?", uliza "ukingo gani?" Izunguke nyumba yako na kutafuta mahali ambapo kitu kimoja kinakoma na kingine kinaanza. Mimi nahesabu mahali panne, nami nakushauri uende kwa taratibu hii.

Kwanza ni vidato, na kila mahali sakafu inaposhuka au kupanda. Hapa weka mstari wa rangi iliyo mbali kabisa na rangi ya sakafu: mweusi au kahawia iliyokolea penye nyeupe, au nyeupe penye giza. Upana wa sentimeta 5 hivi wafaa, kwenye ukingo wenyewe wa kidato, toka upande mmoja hadi wa pili. Lakini angalia sana: kiwe kigae cha sakafu, chenye uso wa kukwaruza. Kigae cha ukutani ni laini na si kigumu cha kutosha. Ukikiweka chini kitachubuka, kitapasuka, na kikilowa kitateleza kama sabuni.

Pili ni mguu wa ukuta. Mafundi huita skatingi. Safu ya kimo cha sentimeta 10 yatosha kuzuia maji ya kudekia yasiingie kwenye lipu, na kuzuia rangi isichubuliwe na fagio na miguu ya viti. Waweza kuikata kutoka katika vigae vile vile vya sakafu. Hiyo ndiyo kazi ya ukanda mweusi wa bibi yangu.

Tatu ni kona zinazotokeza nje: kando ya dirisha, ukingo wa meza ya jikoni iliyojengwa, pembe ya nguzo. Kigae kilichokatwa huacha makali kama kioo, na kimo cha meza ya jikoni ndicho kimo cha kichwa cha mtoto mdogo. Kuna vigae maalum vyenye ukingo wa mviringo uliopakwa rangi kama uso wake. Kuna pia kanda nyembamba za alumini au plastiki za kufunikia kona. Kanda hizo huwekwa wakati ule ule wa kupachika vigae, upande wake mmoja ukiwa chini ya kigae. Haziwezi kuchomekwa baadaye. Nazo lazima zilingane na unene wa kigae chako. Kwa hiyo nenda dukani na kigae kimoja mkononi, upime pale pale.

Nne ni mahali vigae vinapokoma ukutani na rangi inapoanza. Hapa ndipo pindo la urembo linapostahili kukaa. Linafunika makali ya juu ya kigae cha mwisho, nalo laliambia jicho, "Vigae vimeishia hapa kwa makusudi, si kwa sababu fedha ziliisha."

Ukiisha kufanya haya manne na bado una akiba, basi zungusha maua katikati ya ukuta upendavyo. Sikukatazi. Nakuomba tu yawe ya tano, yasiwe ya kwanza kama yangu.

HESABU KABLA YA DUKANI

Kigae kimoja cha pindo mara nyingi huuzwa kwa bei ya vigae kadhaa vya kawaida. Kwa hiyo shika penseli kwanza. Tuseme bafu lako lina urefu wa meta 2 na upana wa meta 1 na nusu. Jumlisha kuta nne: 2 na 1.5 na 2 na 1.5, utapata meta 7. Toa mlango wa sentimeta 80, zinabaki meta 6 na sentimeta 20. Kama kila kigae cha pindo kina urefu wa sentimeta 20, gawanya: utahitaji vigae 31. Ongeza kimoja kwa kila kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, nacho ukipandishe: vinakuwa 35. Andika 35 kwenye karatasi, na muuzaji akikuambia uchukue 60 mwonyeshe karatasi yako kwa adabu.

Na kama hata hivyo 35 ni vingi kwa mfuko wako, usikate tamaa. Chukua kigae cha kawaida cha ukutani, sentimeta 20 kwa 30, cha rangi nyingine. Fundi akikikata kwa upana, kitatoa vipande vitano, kila kimoja kimo cha karibu sentimeta 6, pungufu kidogo kwa kuwa msumeno nao hula. Vigae 7 vyatoa vipande 35. Yaani kwa bei ya vigae saba vya kawaida umepata pindo la chumba kizima! Halina maua, lakini buluu iliyotulia kati ya nyeupe na nyeupe haihitaji maua.

Vipande vilivyovunjika navyo usivitupe. Katika bustani ya Park Güell mjini Barcelona, iliyojengwa kati ya mwaka 1900 na 1914, Antoni Gaudí na wenziwe walifunika benchi refu kwa vipande vya vigae vilivyovunjika, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kulitazama. Nawe waweza kufanya hivyo kuzunguka kioo au kando ya karo. Ila vipande visiguswe na watoto kabla havijashikwa na saruji, na makali yake yasuguliwe kwa jiwe la kunolea.

Sasa kimo. Usikate vigae vizima ili pindo likae mahali ulipolitamani. Hesabu safu nzima kwanza. Vigae vya kimo cha sentimeta 30, safu nne, vitafika sentimeta 120 na kidogo zaidi kwa ajili ya mianya. Hapo juu yake weka pindo. Kama kuna dirisha, tazama kama kizingiti chake cha chini chaweza kukutana na mstari wa pindo. Vikikutana, chumba kitatulia. Vikipishana kwa sentimeta 4, kila siku ukioga utaziona sentimeta 4 zile. Jua pia kuwa mstari unaozunguka chumba hufanya kionekane kipana lakini kifupi. Kama dari yako iko chini, chagua pindo jembamba lenye rangi ya upole.

CHUMBA KILICHOPINDA

Nitakuambia siri ambayo mafundi wanaijua na wenye nyumba hawapendi kuisikia: vyumba vyetu vingi vimepinda. Ukitaka kujua, pima chumba kutoka pembe hadi pembe ya mkabala, kisha pima pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana, na kuta zinazotazamana zikilingana pia, chumba kiko sawa. Visipolingana, kimepinda, na pindo la sakafu lililobanwa ukutani litautangazia ulimwengu kosa hilo.

Dawa yake ni hii. Pindo la sakafu sebuleni usilibane ukutani. Lisogeze ndani kiasi cha kigae kimoja, lizunguke kama pindo la zulia. Hakikisha pindo lenyewe limenyooka na pembe zake ni sawa. Pembe hupimwa kwa uzi: pima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili lazima upate meta 5 kamili. Vipande vilivyokatwa kwa mshazari vitakaa nje ya pindo, kando ya ukuta, ambako makochi na kabati vitavifunika. Jicho hufuata pindo. Likiona pindo limenyooka, halitatafuta ukuta uliopinda.

Na pindo la ukutani lazima lipimwe kwa pima maji, au kwa mpira wa plastiki wenye maji ndani, kama mafundi wafanyavyo. Usilipime kwa kufuata sakafu, maana sakafu ya bafu imeinamishwa makusudi ili maji yaende kwenye tundu. Pindo likiifuata sakafu, litainama nayo.

KAZI YENYEWE

Kabla ya yote, tazama ukuta kama una unyevu. Bandika karatasi ya plastiki ukutani kwa gundi ya utepe pande zote, uiache siku moja au mbili. Ukikuta maji upande wa nyuma, uliogusa ukuta, basi maji yanatoka ndani. Tengeneza bomba au msingi kwanza. Vigae juu ya ukuta wenye maji ni kama kumvika mgonjwa nguo ya sikukuu.

Fundi akitumia saruji na mchanga, vigae vya ukutani vinavyonyonya maji viloweshwe kwanza, la sivyo vitanyonya maji ya saruji nayo haitashika. Akitumia gundi ya vigae ya kisasa, afuate maandiko ya mfukoni. Kwa kawaida hailoweshwi. Tazama pia unene: vigae vya pindo mara nyingine ni vinene au vyembamba kuliko vya jirani. Fundi mzuri ataongeza au kupunguza gundi nyuma ili nyuso zilingane, isipokuwa pindo limetengenezwa litokeze.

Kazi ikikauka, piga kila kigae taratibu kwa sarafu. Kikilia kama ngoma, ndani ni tupu, na siku moja kitaanguka. Mwambie fundi akirudie kabla hujamlipa sehemu ya mwisho. Mwambie kwa upole, maana hata fundi hodari hukosa.

Kuhusu rangi nitasema maneno machache tu. Chumba kimoja, pindo moja. Rangi ya pindo iwe tayari ipo chumbani, katika pazia au mlango au sakafu. Na pindo lisiushinde mji! Kanga ambayo pindo lake limekula nafasi yote hakuna atakayeinunua.

AFYA YA FUNDI NA YAKO

Jambo hili nalisema kwa mkazo. Vumbi la kukata vigae huingia mapafuni na kudhuru pole pole, miaka kwa miaka. Fundi akate kwa maji, nje ya nyumba, naye afunike pua na mdomo kwa kinga inayofaa. Watoto wasikae karibu kumtazama, ingawa ni kazi ya kuvutia.

Tena, wengine humaliza kazi kwa kuosha kila kitu kwa tindikali. Tindikali huila ile saruji laini ya kujazia mianya, ambayo mafundi huiita grauti, na yaweza kuharibu rangi za urembo. Juu ya hayo, tindikali ikichanganyika na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo hutoa hewa ya sumu. Katika bafu dogo yaweza kuua. Usivichanganye kamwe. Sabuni ya kawaida, maji ya uvuguvugu na brashi laini vyatosha kwa usafi wa kila juma. Hata siki na ndimu usizizoeze, maana nazo hula grauti na jiwe la marumaru la kweli.

MWISHO WA HABARI YANGU

Wataka kujua bafu letu liliishia wapi? Fundi yule alirudi. Aling'oa vigae vyeupe vya ukingo wa kidato, akaweka safu moja ya vigae vyeusi vya sakafu vyenye kukwaruza. Kazi ilikuwa ya nusu siku. Safu nzima ilitugharimu fedha kidogo kuliko boksi moja la mawaridi. Nilimwomba radhi, naye akacheka akasema, "Mama, yamekwisha."

Mwaka uliofuata mama mkwe alirudi kututembelea. Mkono ulikuwa umeunga, na jicho moja lilikuwa limefanyiwa operesheni. Nilimfuata kwa nyuma mpaka mlangoni pa bafu, moyo mkononi. Akasimama, akautazama ule mstari mweusi, akaugusa kwanza kwa kidole cha mguu, kisha akashuka vema. Alipoinua macho akashangaa. "Kumbe mna maua hapa!" akasema. "Mliyaweka lini?"

Yalikuwapo tangu siku ile aliyoanguka. Fedha yote ile, msomaji wangu, na mgeni wetu wa heshima hakuwa ameyaona.

Basi usiku huu, kabla hujalala, izunguke nyumba yako polepole, kama mtu asiyeona vizuri. Kila mahali mguu wako unapositasita, tia alama ya chaki. Hapo ndipo pindo lako la kwanza litakapokaa. Mawaridi yatakungoja; dukani hayanyauki.

Nakutakia juma jema, wewe na wote walio chini ya paa lako.